Maswali na majibu ya jikoni: Panga la bucha si kisu cha mboga

Kila Idd ya kuchinja inapokaribia maswali ni yale yale: mapanga, mifupa na vidole. Safari hii nimeyakusanya niyajibu kwa mkupuo. Kwanza jina, maana kila mtu ana lake. Ninaposema panga la bucha nakusudia lile lisu zito la mstatili, pana kama kiganja, lenye tundu kwenye kona. Wapo wanaoliita kishoka, lakini mjini kishoka tunamjua ni nani: yule anayekuja kukuungia umeme usiku bila kitambulisho. Tubaki na panga la bucha.

Nimeona panga la Kichina Kariakoo, linang'aa, makali yake unaweza kunyolea ndevu. Muuzaji anasema linakata kila kitu mpaka mfupa. Nilichukue? (Mama wa Mbagala)

Mama, muuzaji yuko kazini. Ulichoshika hapo ni kisu cha mboga. Wachina wenyewe wanakiita caidao. Cai ni mboga, dao ni kisu, hawajamficha mtu kitu. Mpishi wa Kichina akitaka kuvunja mfupa anakiweka hicho pembeni, anachukua kingine kinachoitwa gudao, na gu ndiyo mfupa. Kwa mbali vinafanana kama kulwa na doto, na hapo ndipo tunapoliwa hela zetu. Caidao mgongo wake una unene wa milimita 2 hivi, uzito unacheza kwenye gramu 300, na makali yamenolewa membamba ili yapite kwenye kitunguu bila kukiponda. Kwa mchicha na bamia ni raha tupu. Kwa goti la mbuzi ni hasara.

Panga la mfupa lina mgongo wa milimita 4 hadi 6, na uzito wake unaanzia gramu 700 mpaka kilo na ushee. Najua dukani huna rula wala mizani. Lishike mpini tu, uache bapa lining'inie mbele. Mkono ukivutwa chini kama umebeba pakiti ya sukari ya kilo, endelea kulitazama. Halafu ligeuze ulione kwa mbele, unavyotazama kabari. Linatakiwa libaki nene mpaka karibu na ukingo, ndipo likatike ghafla kuwa kali. Likianza kuchongoka kuanzia mgongoni likaishia kama karatasi, hilo ni la mboga hata kama kwenye boksi wamechora ng'ombe mzima.

Na hizo sifa za kunyolea ndevu ndizo zingekutia shaka. Mfupa unapasuliwa kwa uzito, ukali ni msaidizi tu. Makali ya wembe yakikutana na mfupa yanajikunja au yanameguka, moja kati ya hayo mawili. Ndiyo maana hata chuma cha panga hakitakiwi kiwe kigumu kupita kiasi. Kisu cha Kijapani kilichokazwa kwa ajili ya kukatia samaki kama karatasi kitang'oka jino pigo la kwanza.

Ukiniuliza mimi, achana na vioo vya dukani. Kama uko Dar nenda Gerezani, kama uko Nairobi nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, mwombe fundi akufulie panga kutokana na springi ya lori. Chuma cha springi kimetengenezwa kupokea vishindo vya mashimo ya barabarani miaka nenda miaka rudi, goti la mbuzi halitakisumbua. Halitang'aa, na mume wako atasema ni baya. Mwache aseme.

Panga langu limepata mapengo. Nifanyeje? (Mwanza)

Wewe ni wa nne kuniuliza hivi, na kama wenzako watatu hujaniambia ni panga gani wala ulikuwa unakata nini. Nitabahatisha: jembamba, linang'aa, na ulikuwa na kichwa cha mbuzi. Soma jibu la Mama wa Mbagala.

Mapengo madogo yanaondolewa kwa tupa. Unashusha ukingo wote mpaka ufike kwenye sakafu ya pengo, kisha unanoa upya. Pengo la kuingia ncha ya kidole, mpe fundi akushushie au likubali liwe la nazi.

Ila hamkuniuliza lililo kubwa kuliko hilo, wote wanne. Kile kipande kilichomeguka kilikwenda wapi? Kiko kwenye nyama. Panga likilia vibaya mkononi, simama papo hapo, litazame. Ukiona pengo, usiendelee kukata wala usibandike sufuria. Osha kila kipande kwenye beseni la maji safi, yamimine polepole uone kilichozama chini. Kama una spika mbovu ya redio, ng'oa sumaku yake, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uipitishe juu ya nyama. Visu vingi hushikwa na sumaku, hata hivi visivyoota kutu. Usipokipata na huna uhakika, itupe nyama iliyokuwa karibu na pigo. Inauma, lakini jino la mtoto linauma zaidi.

Panga la shambani halifai jikoni? Si ni panga tu?

Lile ni jembamba na refu, limetengenezwa kufyeka majani, na ukilipiga kwenye mfupa linayumba kama fimbo. Kwa kuvunja nazi, sawa, na huko unatumia mgongo wake. Mjadala umefungwa, mpaka mwezi ujao mtakaponiuliza tena.

Nikikata nyama ya supu nyumbani inajaa vichembe vya mifupa. Mwanangu juzi amekwama na kimoja kooni, tukashinda hospitali. Nyama ya bucha haina tabu hiyo. Nakosea wapi? (Dada wa Morogoro)

Pole sana dada. Na nyama ya bucha ina tabu hiyo hiyo, sema siku hizo umebahatika. Nimekulia nyuma ya bucha la mjomba wangu Tanga, nimeona vijana wanaopiga mfupa kama wanapasua kuni, kilo ya mchanganyiko ikafungwa na nusu kiganja cha vichembe ndani yake. Mteja anashukuru, anaondoka.

Unachokosea ni kupiga mfupa katikati. Mfupa mrefu kama muundi ni bomba. Ukuta wake ni mgumu na mkavu, katikati kuna uboho. Ukiupiga kwenye ukuta hupasuka kwa urefu kama mwanzi, na hapo ndipo vinapozaliwa vile visindano. Ncha za mfupa huo huo, pale kwenye maungio, ni laini kama sifongo. Hata pigo likienda pembeni kidogo zinakatika bila kusambaa.

Kwa hiyo kabla ya panga, shika kisu kidogo na utafute viungo. Mkono wa mbele wa mbuzi, kwa mfano, haukushikana na kifua kwa mfupa wowote, umeshikwa na nyama tu. Unyanyue, pitisha kisu chini ya kwapa, unatoka mzima mzima, panga bado linaning'inia ukutani. Paja unaliachia kwenye nyonga: likunje na kulikunjua huku umeweka kidole kwenye maungio, utasikia pale mfupa unapozunguka. Ingiza ncha ya kisu hapo, kata zile kano nyeupe, kiungo kinafunguka chenyewe. Goti ni hivyo hivyo. Uti wa mgongo una pingili, na kati ya pingili na pingili kuna gegedu ambalo kisu kizuri kinalipita. Mkia wa ng'ombe unamalizika wote kwa njia hiyo, na bado naona watu wanaupiga panga kama nyoka.

Kinachobaki ndiyo kazi ya panga: mbavu, kidari, shingo, na kupasua uti kwa urefu. Kata kwanza nyama kwa kisu mpaka ufike mfupani, kwenye mbavu pita katikati ya ubavu na ubavu. Sasa mfupa uko wazi, unauona. Kaza kiwiko kiwe ndicho kinachofanya kazi, kifundo cha mkono kisilegee, nyanyua panga lisizidi usawa wa sikio, na uliache lishuke kwa uzito wake. Usilisindikize kwa hasira. Pigo moja. Pigo la pili haliangukii pale pale hata uwe nani, linaangukia milimita tatu pembeni, na katikati ya mapigo hayo mawili ndipo kichembe kilichomwingia mwanao kilipotoka.

Ukiona pigo moja halitoshi, au mkono wako haulengi, tumia mchi. Weka makali juu ya mfupa pale unapopataka, shika mpini sawasawa, mkono wa pili ugonge mgongo wa panga kwa mchi wa kinu. Mchi wa mti, jamani. Nyundo ya chuma ikigonga chuma inarusha vipande, na macho huna ya akiba. Hii njia ya mchi wapishi wa kiume wanaiona ya kike. Waangalie vidole vyao, uvihesabu.

Kuhusu vidole: mkono unaoshika nyama ukae shubiri nzima kutoka makali yanapoangukia. Kipande kikiwa kifupi kuliko shubiri hakishikwi, kinagongwa kwa mchi au kinaachwa hivyo hivyo. Supu haijawahi kukataa kipande kikubwa.

Halafu osha. Nyama ya mfupa iliyokatwa kwa panga inaogeshwa kwenye beseni kipande kimoja kimoja, dole gumba likipita kwenye kila ukingo wa mfupa. Na supu ya watoto ipite kwenye chujio.

Kuku aliyetoka kwenye friza naweza kumpiga panga akiwa bado barafu?

Hapana.

Gogo la mti gani ni zuri? Kwa sasa napindua kinu nakatia kwenye kitako chake. (Lindi)

Umenichekesha, lakini si wazo baya kama linavyosikika. Kinu kinachongwa kwenye gogo lililosimama, kwa hiyo kitako chake kina nyuzi za mti zilizosimama wima, na panga likishuka linaingia kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Ndivyo gogo la bucha lilivyo. Tatizo ni kwamba kinu ndani ni tupu. Siku kitakapopasuka utakuwa huna gogo wala kinu, na wa kukusaidia kutwanga kisamvu utamtafuta.

Tafuta kipande cha mkwaju. Ni mti mzito, mgumu, hauachi nyuzi kwenye nyama. Kikatwe kwa kupitisha msumeno kukata gogo, kama unavyokata muhogo vipande, si kwa kuchana ubao. Unene usipungue sentimita 10. Akikuuzia mbichi kiache kivulini kikauke polepole. Ukikianika juani kinapasuka kama kisigino cha mkulima. Kiweke juu ya kitambaa kilicholowa kisitembee, na kama ni juu ya meza, kiwe juu ya mguu wa meza, si katikati inapodunda.

Ukimaliza, kwangua kwa mgongo wa kisu, sugua kwa chumvi na kipande cha limau, suuza, kisimamishe kwa ubavu kikauke pande zote. Mboga za kachumbari zisikatiwe hapo. Siku gogo likiwa na nyufa zinazohifadhi damu, hilo ni kuni. Bodi ya Nyama na maofisa afya wamekuwa wakiwasukuma wenye mabucha waachane na magogo na mashoka wahamie kwenye misumeno, kwa sababu hizo hizo za nyufa na vichembe. Wenye mabucha wananuna. Mimi, mtoto wa bucha, niko upande wa maofisa kwa hili, ingawa mjomba akinisikia hatanipa tena maini.

Na nyinyi mnaokatia kwenye marumaru, kwenye terazo, kwenye zile mbao za kioo zenye picha ya matunda: sina la kuwaambia kuhusu kunoa. Msiniulize.

Niko Toronto, ghorofa ya saba. Nikianza kukata mbuzi jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. (Kaka wa Zanzibar)

Jirani ana haki, kaka. Huko uliko wenye mabucha ya halali wana msumeno wa umeme na wanakukatia mbuzi mzima kabla hujamaliza kusalimiana naye. Mwambie ukubwa unaoutaka, na mwambie shingo aiache nzima kama unataka kuichoma. Ukifika nyumbani ioshe, kwani msumeno unaacha unga wa mfupa, ule utelezi wa kijivu juu ya nyama, na usipouondoa mchuzi unakuwa na mchanga mchanga. Ukikosa subira ya foleni, viungo na kisu kidogo kama nilivyomweleza dada wa Morogoro. Havina kelele.

Nakuongezea usiloliuliza: mchi wa kinu alioupakia mama kwenye sanduku lako una kazi sasa. Taulo chini ya ubao, mgongo wa panga, gonga. Ufagio utapumzika.

Fundi wa baiskeli anayepita mtaani kunoa visu anafaa kwa panga la bucha?

Anafaa, ukisimama naye. Ubaya wa lile jiwe linalozunguka ni joto. Akilikandamiza panga sehemu moja huku anapiga soga, ukingo unabadilika rangi, unakuwa wa manjano, kahawia, kisha buluu. Ukiona buluu, chuma cha pale kimeungua, kimepoteza ukaze wake, na hakitashika makali mpaka sehemu hiyo iishe kwa kunolewa. Mwambie achovye kwenye maji kila baada ya mipitisho miwili mitatu. Akikuambia haina haja, chukua panga lako.

Nyumbani tumia kinoo kizito au tupa. Simamisha panga wima juu ya kinoo, hiyo ni nyuzi 90. Lilaze nusu, ni 45. Lilaze nusu tena, ni 22 na kitu. Linyanyue kidogo sana kutoka hapo, ndipo pembe yako, kila upande. Wengi mnalilaza mno kwa sababu ndivyo mnavyonoa kisu cha nyanya, mnapata wembe, wembe unajikunja siku hiyo hiyo, mnaniandikia. Panga la mfupa likikata karatasi kwa kusuasua, limekwisha kunoka.

Panga langu la chuma cheusi linaota kutu kila wiki. Niko Mombasa, Mji wa Kale.

Pwani ni pwani. Lioshe ukimaliza tu, lifute mpaka likauke, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Kutu ikishaota sugua kwa majivu na kipande cha limau, kisha suuza upesi, maana limau likikaa linaleta madoa yake. Rangi ya kijivu iliyotulia si kutu, iache.

Mpini unacheza kidogo. Nimeulowesha kwenye maji ukakaza. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo. Mti ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa kuliko ulivyokuwa, na panga linachomoka. Nilikuwa napikia harusi moja Tanga, wali tayari uko kwenye mkaa wa juu, mimi namalizia mbavu. Nikanyanyua, nikashusha, nikabaki na mpini mkononi. Panga lilikuwa limeshaondoka nyuma yangu wakati nalinyanyua, likatua kwenye sufuria la wali kama mgeni rasmi. Sekunde mbili kabla yake alikuwa amesimama hapo binti anayechochea moto.

Nunua panga ambalo chuma chake kinapita mpini wote mpaka mwisho, unakiona kwa juu na kwa chini, kimefungwa kwa ribiti tatu. Yale ambayo chuma kinaingia kwenye mti kama msumari usiyaguse. Ribiti zikilegea fundi anazigonga upya kwa dakika tano. Kufunga mpira wa baiskeli kwenye mpini ni kwa ajili ya utelezi wa mafuta tu, na usiufunge juu ya mpini unaocheza. Utakuwa umeuficha ugonjwa.

Lile tundu kwenye kona ni la nini?

La kutundikia. Msumari mrefu, juu kuliko mtoto anavyofika akiwa amepanda kigoda, makali yatazame ukutani, na pasiwe juu ya jiko wala juu ya mlango. Ukimaliza kukata liende huko moja kwa moja. Usiliache kwenye beseni la povu pamoja na vikombe. Anayekuja kuosha vyombo haoni lililo chini.